Hotuba ya Kulisifu Gugu la Bwawani

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimengoja sana mtu mwenye cheo asimame kulisifu gugu hili. Chifu hakusimama, padri hakusimama, na mwalimu wa biolojia alisimama, ila alikuwa anakwenda kuchota maji. Basi nasimama mimi.

Silisifu gugu la shambani. Hilo lina heshima yake tayari, maana kila mwenye jembe analijua kwa jina na kulitukana kwa jina. Langu ni la majini: zile nyuzi za kijani zinazoelea, laini, zenye utelezi, ambazo mwenye bwawa la samaki hapa Gety huzivuta kwa reki, akazitupa kando, akanawa mikono na kulaani. Wenye elimu yao wanaliita Utricularia. Sisi tuandike utrikularia, tuendelee na kazi. Aina zake ziko zaidi ya 200 duniani, nyingi zikiishi kwenye udongo wenye majimaji. Zile za majini hasa ni chache, lakini baadhi yao, kama Utricularia gibba, stellaris, inflexa na reflexa, zimetapakaa katika Afrika ya joto, na Kongo yetu haikusahauliwa.

Gugu hili linakula nyama. Nalisema mapema ili mwenye roho nyepesi aondoke. Watu wa mbali wanaijua Gety kwa habari za redio tu: vita vya teritwari ya Irumu, wakimbizi wa mwaka 2006, mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa FRPI uliotiwa saini hapa hapa tarehe 28 Februari 2020. Hakuna mwandishi wa habari aliyeshuka bwawani kuuliza ni nani mwingine mwenye mitego. Mkataba haukulitaja gugu hili. Halikukabidhi silaha, halikupewa sabuni wala turubai la kuanzia maisha mapya, na mpaka leo linaendelea na kazi yake bila mtu kuliuliza.

Sifa ya kwanza ni kwamba halina mizizi. Kila anayetaka kula hapa duniani huanza kwa kudai ardhi, na ardhi ya Ituri, sote tunajua, imekula watu wengi. Utrikularia haijawahi kudai hata sentimita moja. Ukosefu wake wa mizizi unaanza ndani ya mbegu, ambamo kiinitete hakina hata dalili ya mzizi. Wataalamu walipotafuta shina lake na jani lake, wakaanza kubishana wapi shina linaishia na wapi jani linaanza, kwa sababu mmea wenyewe haujaamua. Kiumbe kisichojua mpaka wake mwenyewe kitagombania mpaka wa nani?

Sifa ya pili lazima uisikie kwa sikio lako. Nenda bwawani asubuhi maji yakiwa yametulia. Ingiza mkono chini ya gugu, liinue kwa mara moja, lipeleke karibu na sikio. Utasikia linatatarika, kwa sauti ndogo kavu inayokimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha kimya. Hivyo ni vibofu vyake vinafyatuka vyote kwa pamoja, na kwa kuwa maji hayapo, vinameza hewa. Lirudishe majini utazame kwa makini. Vibofu vilivyokuwa havionekani, kwa jinsi vilivyo angavu, sasa kila kimoja kina povu dogo la hewa linalometa. Umelikasirisha bure. Liache lipumzike.

Kibofu kimoja kina ukubwa wa milimita moja au mbili, mara nyingine hata chini ya hapo, na ukuta wake una tabaka mbili tu za seli. Kina mlango mmoja unaofungukia ndani. Ndani yake kuna tezi zinazosukuma maji nje saa zote, mpaka kuta zinabonyea na kibofu kinabaki kimejikunja, kimebana pumzi, kikingoja. Mlangoni kuna vinyweleo. Kiroboto cha maji kinapita kinatafuta chakula chake, kinagusa kinyweleo, basi: mlango unaachia, kuta zinarudi mahali pake, maji yanaingia kwa nguvu na mgeni ndani yake, mlango unajifunga. Mwaka 2011 wanafizikia wa Ufaransa na wenzao wa Ujerumani walilipiga picha tukio hili kwa kamera za kasi kubwa wakaona kufyonza kunakwisha chini ya milisekunde moja, na maji yanaongeza kasi hadi mara 600 ya mvuto wa dunia. Rubani wa ndege ya kivita anaweza kuzimia kabla ya kufika kumi. Baada ya hapo tezi zinaanza tena kusukuma maji nje, na kwa muda wa nusu saa hivi mtego uko tayari. Aliyeingia anayeyushwa polepole.

Wale wale walioupiga picha waligundua pia kwamba mtego ukikaa muda mrefu bila mgeni, hufyatuka wenyewe. Hakuna aliyeugusa. Umechoka tu kungoja. Kwa hilo peke yake ningelipenda gugu hili.

Ninyi mnaopanda pikipiki kwenda Bunia mnazijua barieri: kamba moja, vijana wawili, kiti kimoja. Unasimama, unatafuta karatasi, unaulizwa umewaachia nini cha chai, unatoa, unapita, na baada ya kilima kuna kamba nyingine. Barieri ya utrikularia haina mambo hayo. Haiombi karatasi, haibagui kabila, haitoi risiti ya uongo. Na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amelipishwa mara mbili.

Hata Charles Darwin, mtu asiyedanganywa kirahisi na mimea, alishikwa hapa. Katika kitabu chake cha mwaka 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu, aliamini kwamba wanyama wadogo wanajisukumia wenyewe mlangoni kwa vichwa vyao, kana kwamba gugu ni mwenye nyumba aliyeacha mlango bila komeo. Aliyekaribia ukweli zaidi alikuwa mama mmoja wa New Jersey, Mary Treat, asiye na cheo chuoni, aliyekaa na hadubini yake saa baada ya saa akitazama viluwiluwi vya mbu vikipotea vibofuni. Darwin mwenyewe alimtaja kitabuni, na akafanya vyema. Maprofesa walihitaji miongo mingine kadhaa kukubali kwamba kijani hiki kinafyonza.

Na sasa nimewataja mbu, na najua mmeinua vichwa. Malaria hapa haihitaji utangulizi. Serikali na washirika wake wanagawa vyandarua. Sisi tunavipokea kwa shukrani, na baadhi yetu tunavipeleka mtoni kuvulia samaki wadogo. Kwa hiyo chandarua kinavua samaki na gugu linavua mbu, na kila mmoja amepata kazi ambayo hakuiomba. Mwaka 2013 watafiti wa Uganda walichapisha kazi yao juu ya Utricularia reflexa ya kwao: waliipa viluwiluwi vya mbu, nayo ikala. Mwaka 2020, huko Rhode Island nchini Marekani, wengine walijaribu ndugu yake na viluwiluwi vya mbu wa Aedes, na ndani ya wiki karibu wote walikuwa wamekwisha. Zamani zaidi, mwaka 1970, jarida la Shirika la Afya Duniani lilitoa makala ya watafiti wawili walioona vibofu hivi vinakamata vijidudu vya kichocho, vile vinavyotafuta konokono na vile vinavyotafuta ngozi ya mtu. Anayeoga Ziwa Albert pale Kasenyi au Tchomia anajua ninasema nini.

Lakini msifu mzuri hadanganyi, au hadanganyi sana. Majaribio hayo yalifanyika kwenye vyombo, ambako kiluwiluwi hana pa kukimbilia. Mbu wetu mbaya kuliko wote, wa jamii ya Anopheles gambiae, anapenda kutaga kwenye vidimbwi vya jua: alama ya kwato za ng'ombe, alama ya tairi la lori lililozama barabarani, shimo la kuchimbia matofali. Gugu langu haliishi humo. Linataka bwawa, kinamasi, maji ya kukaa. Mbu anataga barabarani, askari wetu yuko bwawani. Nani kati yetu hajawahi kuona jeshi likipangwa hivyo?

Wakati wa kusikia mashtaka umefika. Papa mwenye bwawa anasema: gugu hili linakula vifaranga vyangu vya samaki. Nimelichunguza shtaka hilo kama wakili na nimelikuta la kweli. Mwaka 1884 Henry Moseley wa Oxford aliandika katika jarida la Nature juu ya vifaranga vya samaki waliokutwa wameshikwa vibofuni, mmoja kwa mkia, mwingine kwa kichwa, wakubwa mno wasiweze kuingia na waliobanwa mno wasiweze kutoka. Mteja wangu hakatai. Anaomba tu mahakama ikumbuke kwamba kifaranga cha tilapia kinapokua kidogo tu hakiingii tena katika mlango mdogo hivyo, na kwamba ndege mdiria pale juu ya mti, anayekula samaki wa ukubwa wa kukaanga, hajawahi kuitwa hapa hata kama shahidi.

Papa, ngoja kwanza nikuulize: mara ya mwisho uliweka lini mbolea bwawani? Mmea huu ulianza kula nyama kwa sababu ya umaskini. Majini mwake hamna naitrojeni ya kutosha wala fosforasi, na usipokuwa na mzizi wa kuitafuta chini lazima uikamate ikiwa inaogelea. Bwawa likipata samadi vizuri, maji yanakuwa ya kijani kwa mwani mdogo, tilapia wananenepa, na mara nyingi gugu langu linafunikwa, linakosa mwanga, linakufa. Likistawi sana kwako, linakutolea ripoti: maji yako yana njaa. Umelitupa nje na ripoti yake. Ofisi nyingi zinafanya hivyo hivyo.

Halafu kuna ile reki. Kila unapolivuta, linakatika vipande, na kila kipande chenye ncha nzima kinaanza mmea mpya. Unalikata asubuhi, jioni limeongezeka. Mpanzi wake mkubwa katika bonde lote ni wewe, na hujawahi kudai ujira. Nilitaka nikupe shukrani zake hadharani.

Kuhusu uchoyo wake pia watu wamesema mengi ya uzushi. Wataalamu walipofungua vibofu wakahesabu, walikuta vitu vingi zaidi ndani yake ni mwani na chavua kuliko wanyama. Jambazi mliyemwogopa anakula mboga siku nyingi za wiki, kama sisi na sombe yetu. Ni kwamba hatangazi.

Neno moja tu juu ya damu yake ya kifalme. Mwaka 2013 watafiti walisoma jenomu ya Utricularia gibba, ile ndogo yenye maua ya njano, wakakuta herufi kama milioni 82 tu. Waliporudia kwa mitambo bora mwaka 2017 zikawa kama milioni 100. Binadamu ana zaidi ya bilioni 3. Lakini jeni zake ni kama 30,000, na zetu ni kama 20,000. Yaani uzi huu wa bwawani una maneno mengi kuliko mbunge, katika kitabu chembamba zaidi ya mara 30. Uzi huu umetupilia mbali karibu kila kitu kisichohitajika. Sisi tumebeba makolokolo yetu kutoka enzi na enzi na bado tunasema tuna mizigo michache.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya nisimame: mbegu.

Mwenye akili timamu hapandi utrikularia kwa mbegu. Nimekwisha kueleza kwamba kipande kimoja kinatosha. Ndiyo maana kuipanda kwa mbegu ni sanaa ya kweli, isiyochafuliwa na faida yoyote. Wako watu Ulaya na Marekani wanaotumiana mbegu hizi kwa posta, wakilipa stempu kwa kitu ambacho baba yao mdogo wa Gety anakitupa kwa reki. Lakini gugu lenyewe linazihitaji. Katika vinamasi vinavyokauka Desemba mpaka Februari, mmea mzima unakauka na kuwa uchafu wa kahawia juu ya tope. Kinachobaki ni mbegu ndani ya matope, zikingoja Machi.

Itazame Utricularia stellaris ikichanua utaelewa. Chini ya ua inavimbisha vijani vya sponji, kama sita hivi, vilivyopangwa kwa duara, ili kikonyo kisimame wima na ua la njano likae juu ya maji bila kulowa. Huo ni uchumi wa gugu: halina mahali pa kusimamia, basi linajengea maua yake tu mahali pa kusimama. Ua likikwisha, kikonyo cha tunda kinainama. Tunda ni kidude cha mviringo chenye mbegu ndani, ndogo, za pembe pembe. Likiiva linapasuka, mbegu zinasambaa na hatimaye zinatua kwenye tope.

Ukitaka kuiga kazi hiyo, chukua matunda yaliyoiva au, kwa urahisi zaidi, kijiko cha tope kutoka ukingo uliokaukiwa ambako gugu lilistawi. Beseni. Maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati baada ya bati kuoshwa vizuri na mvua za kwanza, si ya kisima chenye chumvi chumvi, wala ya bomba lenye dawa. Chini tandaza majani makavu ya mafunjo na ndago, kiganja kimoja tu, yaliyokwisha kuloweshwa yakatoa ile rangi ya chai. Usiyatupe kwa kuwa yanaoza. Kuoza kwake ndiko kunakotoa kaboni dayoksaidi ndani ya maji, na mimea hii ya majini inataka gesi hiyo ikiwa huru, imeyeyuka, haijui kuitumia kwa namna nyingine. Huko Třeboň, Jamhuri ya Cheki, mtaalamu Lubomír Adamec amekuza mimea hii miaka mingi kwa makasha yenye majani ya ndago namna hiyo hiyo. Mbolea usiweke hata punje. Kina cha maji kisizidi vidole vinne mwanzoni, mwanga uwe mwingi lakini jua la saa sita lizuiwe kwa jani la mgomba.

Kisha unangoja. Kwa muda mrefu hakutakuwa na kitu, na watoto watakuuliza unalea nini. Mche ukitokea hautatoa mzizi wala majani mawili ya heshima kama maharage. Utatoa vijiuzi vichache kutoka kwenye punje, bila mpango. Vibofu vinakuja mapema mno, mche ukiwa bado wa milimita chache. Mtoto hajajua kusimama na tayari anakamata. Adui zake sasa ni mwani wa nyuzi, ambao utautoa kwa kijiti kila siku kwa uangalifu wa fundi saa, na konokono, ambao utawatoa kwa vidole.

Ana mwenzake mmoja wa kazi anayestahili kutajwa kwa mbali, Aldrovanda, mwenye mitego ya kujifumba iliyopangwa kwa duara kwenye shina, anayepatikana Uganda na Botswana miongoni mwa nchi nyingine na sasa yuko hatarini duniani. Kumkuza huyo kwa mbegu ni majonzi: maua yake yanafunguka saa chache, mara nyingi hayatoi tunda. Anayetaka kujitesa kwa daraja la juu aanze huko.

Ila wa kwetu lazima ale, na hapa ndipo sifa zangu zinafikia kileleni. Miche inataka wadudu wadogo wa majini. Viroboto vya maji ni vizuri, viluwiluwi wachanga wa mbu ni vizuri zaidi, na kuwapata hakuna gharama, unaacha beseni la pili wazi karibu na mlango usiku. Baada ya siku mbili tatu una chakula. Yaani ili umlee mwuaji wa mbu, unakuwa mfugaji wa mbu.

Asubuhi moja mama reko wa kijiji, yule mhudumu wa afya ya jamii, atapita na daftari lake, kofia yake na sauti yake ya Jumatatu. Ataona mabeseni mawili ya maji yaliyosimama mbele ya nyumba ya mtu anayejiita msomi. Mwambie, "Mama, shikamoo, hii ni utrikularia, inakula mbu." Atainama, ataona viluwiluwi vinacheza kwenye beseni la pili, vinene, vyenye afya. Atanyoosha kidole na kukuamuru umwage yote, sasa hivi, akiwa anatazama, na kwa utaratibu wa afya ya jamii yeye ndiye mwenye haki.

Beseni la pili limwage kwenye jua, barabarani. La kwanza beba kwa mikono miwili, polepole, ulimwage bwawani kwa papa.